Alivyozikwa Ndila

Shufaa hakupanda milima ya Mbooni kwenda kutazama maporomoko ya maji. Lakini hayo ndiyo aliyoonyeshwa kwanza, tena kwa maelezo marefu, maana mjomba wake Musyimi akianza kusifia kwao hana breki.

"Unaona hiyo maji?" Musyimi alisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha genge. "Hiyo haikaukangi. Hata ile mwaka ng'ombe zilimalizika huko kwenyu Mwingi, hiyo ilikuwa inashuka tu. Watu wa Nairobi wanakuja hapa na kamera, wanalala chini kwa nyasi ndiyo wapate picha poa. Wewe piga picha."

"Nimeyaona, mjomba. Ni mazuri."

"Piga picha, bwana! Utaonyesha watu nini?"

Akatoa simu, akapiga. Angefanyaje? Mtu amekupokea kwenye lami, amekubebea mkoba, amekupandisha kwenye pikapu yake inayonuka maparachichi, na ni ndugu wa mama yako wa tumbo moja. Akikwambia piga picha, unapiga. Lakini moyoni Shufaa alikuwa anachemka. Alikuwa ametoka Mwingi kabla ya jua, akapitia Machakos na Tawa, na njia nzima alikuwa akirudiarudia maneno ambayo hayakuwa ya kuambiwa maji.

Alikuja kumwona bibi yake, Susu Syokau, mama wa mama yake. Susu alikuwa ameapa kwamba tangu bintiye Ndila azikwe, hataki kuona uso wa mtu yeyote kutoka Mwingi, si kwenye arusi, si kwenye Krismasi, na siku yake yeye mwenyewe ikifika, mtu wa Mwingi asikanyage. Miaka miwili alikuwa ameshikilia hapo. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na daktari alikuwa amewaambia wamrudishe nyumbani akapumzike, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake. Musyimi akapiga simu. "Shufaa, kama ni kukuja, kuja saa hii," akasema, akakata.

Na Shufaa alikuwa na jambo moja tu la kumwambia bibi yake, uso kwa uso, kabla halijachelewa: mama hatukumtupa. Basi. Akilisikia hilo akaondoka nalo, yatosha. Akiondoka bila kulisikia, Shufaa alijua hatakuwa na pa kulipeleka maisha yake yote.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana usipoelewa hapa utamwona mama mzee wa watu kama ana roho mbaya, na hana.

Ndila alizaliwa hapa Kikima, huku Mbooni, akaenda Mwingi kufundishwa ushonaji, akapendana na Abubakar, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo wakakaa. Akasilimu, akaitwa Salama. Kikima walinuna, halafu mbuzi wakaletwa kama inavyotakiwa, uzao ukapatikana, na manung'uniko yakaisha. Watu walizoeana. Abubakar akija Kikima alichinja mwenyewe, na wakwe zake walicheka wakasema kazi imepungua. Hakukuwa na vita ya dini hapo, asikudanganye mtu.

Kisha asubuhi moja presha ikampanda Ndila, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa amekwisha. Abubakar, akilia, akampigia shemeji yake. Akamwambia wazi kabisa: Salama ametangulia, tunamzika leo baada ya alasiri, jitahidini mfike.

Musyimi alisikia. Masikio yake ni mazima. Lakini Kikima, watu wa rika lake hawajawahi kumwona marehemu akizikwa siku aliyofariki. Marehemu hupelekwa mochari. Watu hukutana kila jioni kwa maombi. Kamati huundwa, na mwenye sauti kubwa huwa mwenyekiti. Picha hutafutwa, ile aliyocheka vizuri. Hema, kwaya, mchungaji, ng'ombe, shada, basi la kukodi. Wiki huisha, nyingine huanza, na hakuna anayeona ni kuchelewa, maana kuharakisha kumfukia mtu ni kama kumwambia toka. Kwa hiyo Musyimi aliposikia "leo", alimhurumia shemeji yake. "Huyu ni uchungu inamwongelesha," akamwambia mkewe. Hata hakumtajia mama yake. Akaenda kwa seremala.

Susu Syokau alichagua jeneza kwa mikono yake, akazipapasa mbao zote pale kwa seremala mpaka akapata zilizomridhisha. Akataka kitambaa cheupe ndani, akataka mto. Siku mbili baadaye wakateremka Mwingi, basi zima, kwaya imevaa zambarau, jeneza juu ya pikapu ya Musyimi. Walikuwa wanakwenda kumchukua mtoto wao mochari waketi naye, wapange siku. Wakapelekwa makaburini, wakaonyeshwa udongo.

Susu aliuliza swali moja tu. "Sanduku lake lilikuwa la rangi gani?" Akaambiwa hakukuwa na sanduku. Hakulia. Aligeuka akarudi kwenye basi, akakaa kwenye kiti chake mpaka wengine walipomaliza kuzozana, na tangu siku hiyo mlango wake ukafungwa. Nani alikosea? Mimi mniache, sitaki kesi.

"Haya, sasa twende soko," Musyimi alisema, akipiga makofi. "Leo ni siku yake. Utaona maajabu."

Maajabu yenyewe yalikuwa maparachichi yaliyorundikwa mpaka kiunoni, nduma zenye tope, mitumba, vifaranga ndani ya makasha, na akina mama wanaosuka viondo huku wakibishana bei bila kutazama mikono yao. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa juu mgongoni mwa mlima, na baridi yake ni ya kweli. Shufaa alivuta mtandio wake shingoni. Watu walimtazama, lakini si vibaya. Walimtazama kama mtu anayetazama sura akitafuta jina.

Aliyelipata ni Nduku, muuza ndizi, mama mnene mwenye sweta ya kiume. Aliinua kichwa, kisu kikabaki hewani.

"Wuui! Ndila!"

Akamshika Shufaa mashavu yote mawili, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Halafu macho yake yakashuka kwenye mtandio, akakumbuka, mikono ikamwanguka.

"Wewe ni wa Ndila," akasema polepole. "Tulikuwa darasa moja na mama yako. Na tulikuja huko kwenyu. Mimi ni sauti ya kwanza kwa kwaya. Tuliimba njia yote tukienda."

"Nawakumbuka," Shufaa alisema. Aliwakumbuka kweli, zambarau tupu, wamesimama juani nje ya ukuta wa makaburi hawajui waweke wapi mikono.

"Hatukuimba pale. Nani angeimba? Tukarudi kimya. Mpaka leo ile wimbo hatujaigusa." Nduku akachukua chane la ndizi, akamtia mkononi kwa nguvu, akakataa kulipwa. "Salimia Susu," akasema. Kisha akamtazama Musyimi usoni, na Musyimi akatazama vifaranga.

Hapo ndipo Shufaa alianza kushuku.

Wakaenda kanisa la mawe, Musyimi akaeleza nani alibeba mawe. Wakaenda kwenye mashamba ya ngazi, yanayoshuka mlima mzima kama mistari ya daftari, na Musyimi akaeleza jinsi akina mama walivyoyachimba kwa mwethya, kijiji kizima kikijitokeza kwa jembe, leo kwa huyu kesho kwa yule. Wakaenda msituni, akaeleza miti. Jua likapita kichwani, likaanza kuegemea. Kila Shufaa akisema, "Mjomba, sasa nyumbani?" Musyimi alijibu, "Bado moja." Na kila moja ilikuwa mbali zaidi na ile iliyopita.

Ya mwisho ilikuwa mwamba. Gari likaachwa chini, wakapanda kwa miguu, Musyimi akihema. Juu kulikuwa na upepo, na nchi yote imetandazwa mbele yao, kijani karibu, halafu rangi ya majivu, halafu ukungu.

"Kukiwa na bahati," Musyimi alisema, "unaona mpaka Kitui. Lakini leo naona..."

"Mjomba. Bibi amesema nini?"

"Amesema nini kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi."

Musyimi akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini wakati ule alionekana kama amefumaniwa na sukari mdomoni.

"Nilimwambia unakuja. Akasema hawezi kukufukuza, wewe ni damu yake. Lakini pia hawezi kukuangalia. Akasema nikutembeze, nikulishe, jioni nikupeleke stendi." Akatazama gari kule chini. "Mimi nilikuwa nafikiria tukichelewachelewa, labda roho yake itarudi. Napigia Ndunge simu nyumbani kila saa kuuliza. Anasema bado."

Ghadhabu ilimpanda Shufaa mpaka masikio yakapiga kelele. Mazuri yote ya Kikima, maji na mawe na misitu, kumbe ni ua aliozungushiwa ili asifike mlangoni! Akataka kumwambia mjomba wake neno baya, na alikuwa nalo tayari, akalimeza kwa sababu alikuwa mjomba. Lililotoka badala yake ni kilio. Alilia wazi wazi, pale mwambani, chane la ndizi mkononi, bila kujifunika.

"Mimi si mtalii, mjomba," akasema alipoweza. "Nipeleke nyumbani."

"Na akikataa?"

"Akatae nikiwa mbele yake. Siyo kwa simu."

Musyimi alimtazama sana. "Ndila pia alikuwa kichwa ngumu," akasema, na wakashuka.

Nyumbani palikuwa pamefagiwa. Ndunge, mke wa Musyimi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alimkumbatia Shufaa bila kuuliza mbona amekuja. Akamwambia aingie jikoni apate chai, kisha akakumbuka sukari imewekwa stoo, akafungua mlango wa stoo, na Shufaa akamfuata nyuma kumsaidia. Hapo akaliona.

Lilikuwa limewekwa juu ya matofali, katikati ya magunia, kifuniko chake kimeegemezwa ukutani. Mbao zilikuwa nzuri, zimepigwa vanishi inayong'aa hata gizani. Na lilikuwa limejaa mbaazi. Mbaazi kavu, safi, zimesawazishwa juu kwa kiganja, na pembeni kitambaa cheupe kimechungulia.

"Usiogope," Ndunge alinong'ona. "Ni ile sanduku ya mama yako tu."

"Mnahifadhi mbaazi humu?"

"Tungefanyaje? Seremala alikataa kuirudisha. Alisema sanduku ikishatoka kwa jina la mtu haiuzwi tena. Pasta alisema ni kitu tu, tuivunje tutie moto. Susu akasema hakuna kuvunja sanduku ya mtoto wake. Lakini pia hataki ikae tupu kwa boma, ati sanduku tupu huwa inangojea mtu. Basi akaijaza yeye mwenyewe, na bakuli. Kila tukivuna tunatoa za zamani tunamwagia kuku, tunaweka mpya, zile za kwanza kabisa. Hakuna mtu amewahi kula."

Shufaa alisimama akitazama zile mbaazi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kitu ambacho hakuwa amekielewa kwa miaka miwili. Alikuwa akidhani bibi amekasirikia dini. Alikuwa hata amejitayarisha, ana maelezo ya kwa nini Waislamu huharakisha, ana maneno ya maalimu, ana mpangilio wote kichwani. Kumbe hakukuwa na hasira ya dini humu. Kulikuwa na mama aliyetandika kitanda cha mwisho cha mtoto wake, mto juu, na mtoto hakuletwa. Maelezo yote yakamtoka kichwani. Akabaki hana kitu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nyuma, anaota jua."

Susu Syokau alikuwa kwenye kiti cha mbao nyuma ya jikoni, miguu imeinuliwa juu ya kreti ya soda, leso begani. Alikuwa amepungua kila mahali isipokuwa miguu. Aliposikia nyayo hakugeuka. Alizungumza Kikamba, na Shufaa alikijua vizuri, ni lugha aliyonyonyeshwa nayo.

"Musyimi, nilikwambia nini?"

"Amekataa, mama," Musyimi alisema kutoka nyuma, akiwa amesimama mbali vya kutosha asipigwe na chochote.

"Amekataa?" Kifua cha mama mzee kikatikisika kidogo. "Basi ni wa Ndila kweli."

"Susu, ni mimi, Shufaa."

"Nimejua. Umeichukua sauti yake yote. Ndiyo maana sikutaka uje." Bado alikuwa ametazama ua. "Umeonyeshwa Kikima?"

"Nimeonyeshwa."

"Ni pazuri?"

"Ni pazuri, Susu."

"Basi sasa nionyeshe na mimi kitu. Mimi nimezaliwa zamani. Nikiwa msichana, watu waliotolewa nyumbani siku ile ile nawajua, nilikuwa nawahesabu. Kulikuwa na aliyekufa kwa ugonjwa wa kuogopwa. Kulikuwa na aliyejitia kitanzi. Na kulikuwa na asiye na mtu. Hao walitolewa haraka, hakuna aliyeketi nao, hakuna aliyewapa hata ubao. Niambie, mjukuu wangu. Mtoto wangu alikuwa yupi?"

Kuku walisikika wakiparua. Musyimi akatazama chini. Hata mimi nikisimulia hapa, sijui ningemjibu nini.

"Hakuwa yeyote kati ya hao," Shufaa alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nani aliketi naye?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Chumbani mwake, juu ya ubao safi. Mlango umefungwa, pazia limeteremshwa. Mimi, na dada wawili wa baba. Hakuna mwingine aliyeingia."

"Mlikuwa mnafanya nini na mtoto wangu, mlango umefungwa?"

"Tulimwosha, Susu."

Ndipo Susu Syokau akageuka. Alimtazama Shufaa usoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu yale makaburi.

"Aliyeosha ni nani? Kulikuwa na mtu wa kazi hiyo?"

"Shangazi mkubwa alinielekeza. Aliyemwosha ni mimi."

"Kwa mkono gani?"

Shufaa akauinua mkono wake wa kulia. Susu akauchukua, akaugeuza, akaupapasa kiganja kwa kidole gumba kama alivyopapasa mbao kwa seremala.

"Mume wangu alioshwa na mtu wa mochari," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Ndolo, mtoto wangu wa kwanza, pia. Nilipewa wakiwa wamevaa suti, wamepakwa mafuta. Yule mtu sikumjua hata jina. Sikujua kama alikuwa mpole, ama alikuwa anawageuza kama magunia. Sikuuliza. Nani huuliza?" Akaushikilia mkono ule. "Alifunikwa? Ama mlimwacha uchi?"

"Alifunikwa muda wote. Kanga yake mwenyewe, ile ya kijani. Nilikuwa naosha chini ya kanga, bila kuiinua."

"Mliongea?"

"Kidogo. Shangazi alikuwa akisema polepole, polepole, kama vile anasikia. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilijaribu kwanza kwenye mkono wangu."

"Ulilia?"

"Nilijizuia. Niliogopa mikono itatetemeka nimuumize. Najua hangeumia, Susu, lakini niliogopa."

Midomo ya mama mzee ilikuwa ikichezacheza. "Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulivyofanya. Ndunge! Lete maji ya vuguvugu na beseni. Lete na jagi."

"Susu, hapana," Shufaa alisema, akashtuka kweli. "Mtu aliye hai haoshwi hivyo. Si vizuri."

"Basi nioshe kama mtu aliye hai. Lakini ufuate mpango ule ule, usiruke kitu. Mimi nitakuwa naangalia."

Ndunge alikuwa ameshatoka na maji, labda alikuwa ameyateka kabla ya kuitwa. Shufaa akavua viatu, akapiga magoti kwenye ardhi, akakunja mikono ya gauni. Akajaribu maji kwenye mkono wake. Akamwosha Susu mikono kwanza, vidole kimoja kimoja. Akamwosha uso, macho, nyuma ya masikio, kwa kiganja, taratibu, na uso wa mama mzee ukatulia chini ya mkono wake.

"Na nywele?"

"Niliziosha, nikazichana, nikazisuka. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyojua. Alikuwa akizipaka rangi, Susu, akitudanganya sote."

"Aa, huyo!" Susu alisema, na kitu kinachokaribia kicheko kikampitia. "Alikuwa na maringo tangu anyonye."

"Kisha upande wa kulia, wote, kabla ya wa kushoto." Shufaa akaosha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akapandisha kidogo, akaacha maji yashuke. "Kisha tukamvika sanda nyeupe, mpya, yenye kafuri. Baba na Mikail kaka yangu waliingia kaburini wenyewe wakampokea mikononi. Hakuguswa na mgeni."

Susu aliutazama mkono uliokuwa ukimwosha. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, labda alidhani ni maji.

"Mngenisubiri," akasema mwishowe. "Ningemwona uso tu. Usiku mmoja tu, mngenisubiri."

"Ndiyo, Susu," Shufaa alisema. Hakuleta maelezo. "Ningekuwa na uwezo ningekusubiri. Nami nilitaka uwepo. Nilikuwa namwosha huku nasikiliza mlango, nikidhani utaingia."

Akauchukua mguu wa kulia kutoka juu ya kreti, mzito, umevimba na ngozi imekaza, akauweka ndani ya beseni. Akamimina maji. Akapitisha kiganja kwenye unyayo, kisigino, kifundo.

"Hapa nilikaa sana," akasema. "Hapa kwenye kifundo, kwenye kovu lake. Nilikuwa nalipitia maji tena na tena. Shangazi akaniambia imetosha, na mimi nikawa siwezi kutoa mkono."

"Lile refu? La kuingia ndani?"

"Hilo."

"Ni jembe langu," Susu alisema. "Tulikuwa tunachimba ngazi, naye alikuwa mdogo, akaja mbio kuniambia kitu, akaweka mguu. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, damu imenilowa. Sijawahi kujua alitaka kuniambia nini."

Na hapo Shufaa hakuweza tena. Alikuwa amejizuia chumbani na pazia limeteremshwa, akajizuia matanga yote, akajizuia miaka miwili; kilio cha mwambani kilikuwa cha hasira tu. Sasa aliuinamia mguu wa bibi yake na kwikwi zikamtoka, mabega yakitikisika, jagi limeinama maji yakimwagika ardhini bure. Musyimi aligeukia ukuta. Ndunge alijifunika mdomo kwa aproni. Shufaa alitaka kusema samahani na hakuipata pumzi. Akaweka jagi chini.

Susu Syokau alimwacha alie. Kisha akainama, kwa shida, akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono yote miwili, akauinua juu ya kreti, akauingiza ndani ya beseni pamoja na mwenzake.

"Endelea," akasema. "Mama yako hukumwacha nusu. Na mimi usiniache nusu."

Shufaa akafuta macho kwa mkono wa gauni, akajaribu maji kama bado yana joto, akaendelea kuosha.